Asali ya Minyaa

Mtazama mlango wa mwenziwe huvuna asali ya minyaa. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia hapa hapa Mabangwe, si mbali na mlipokaa. Mwinjilisti amewatupia leo katikati ya mazoezi, kisha akajiendea zake, na nyie mmebaki mnatazamana. Haya. Saa nzima mmeimba beti mbili tu. Muda wote uliobaki mlikuwa mnajadili sare za kwaya ya ng'ambo ya mto: nani kazinunua, nani kazishona, na kwa nini zina kola. Kwa hiyo msiniulize kwa nini kawaambia nyie. Niulizeni methali ilitoka wapi, hilo nitawajibu. Kaeni vizuri, na wewe wa mwisho huko, acha kuchezea hiyo ngoma.

Aliishi hapa mzee wa kanisa jina lake Mihayo. Kazi yake ilikuwa kurina asali. Alikuwa na mizinga kumi na miwili ya magogo, ameitundika kwenye miyombo na mininga huko msituni, mwendo wa saa nne kwa miguu. Asali yake ilikuwa na jina. Mama akijifungua alipelekewa kibuyu kidogo cha asali ya Mihayo bila kuomba, na wagonjwa waliotapika kila kitu, hiyo haikuwatoka.

Mihayo alikuwa na desturi yake mwenyewe. Kila mzinga aliupa nyumba moja ya pale kanisani. Akifika chini ya mti wa kwanza, kabla hata ya kuangalia kama nyuki wapo au wamehama, anavua kofia, anaiombea nyumba hiyo kwa majina yao mpaka mtoto wa mwisho. Kisha anakwenda mti wa pili. Mwanzoni watu walimcheka, wakasema Mihayo anabatiza nyuki. Lakini ukiwa na shida ulifarijika kusikia kwamba Ijumaa hii Mihayo anakwenda msituni.

Mzinga wa sita ulikuwa wa nyumba ya Kapela. Huyu Kapela alikuwa jirani yake wa karibu kabisa, wametenganishwa na uzio wa minyaa tu. Naye alifuga nyuki kidogo, mizinga mitatu, na mbuzi wengi wasio na adabu. Watoto wao walikua pamoja, na walipokua wakapendana: Nyamizi binti wa Mihayo, na Luhende mwana wa Kapela. Posa ikaletwa, ikapokewa, mahari ikazungumzwa ikaisha. Likabaki jambo moja. Hapa Mabangwe ya siku hizo, siku ya harusi haikutajwa mpaka nyumba mbili zionje asali. Baba wa binti anatoa kibuyu cha asali aliyoirina kwa mkono wake, wazee wanakaa, michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, inawekwa sahanini, na upande wa mwanamume unaonja kwanza. Asali ikiwa njema, siku inatajwa palepale. Ikiwa mbaya, mnarudi kwenu kungoja asali nyingine. Nyamizi alikuwa anangoja hilo tu. Alishafuma vitambaa vya meza mpaka uzi ukamwishia.

Sasa sikilizeni. Ijumaa moja Mihayo alifika msituni akakuta mizinga yake miwili imerinwa. Si nyegere, maana nyegere hana panga, wala akishakula hafuniki mzinga. Huyu alikuwa amefunika vizuri, kaacha chini ya mti majivu ya kienge, ule mwenge wa kufukizia nyuki. Ni mtu anayeijua kazi, na hilo ndilo lililomuuma Mihayo kuliko asali yenyewe.

Akarudi nyumbani jioni amechoka. Alipopita kwa Kapela, akasikia harufu ya nta inayochemshwa. Kapela alikuwa amesimama mlangoni. Wakasalimiana. Kisha Kapela akageuka, akauvuta mlango akaufunga. Basi. Ni hayo tu, hakuna zaidi. Lakini Mihayo aliingia kwake akiwa na ule mlango kichwani, akala ugali nao, akalala nao, akaamka nao.

Hakumwambia mtu. Angesema, pengine jambo lingeisha kwa kicheko. Badala yake akaanza kuangalia. Kapela kaamka saa ngapi leo? Karudi na nini? Huo moshi wa nini? Mbona ana shati jipya? Mtu ukimtafutia kosa hukosi, na Mihayo kila siku alipata. Kapela akicheka, anamcheka yeye. Kapela akinyamaza, ana lake jambo.

Baada ya mwezi akaamua kuilinda mali yake. Akamaliza kurina iliyobaki, akaishusha mizinga yote kumi na miwili, akaileta kwa mkokoteni wa ng'ombe, akaitundika nyuma ya nyumba yake kwenye miti iliyopakana na uzio wa Kapela. Mvua zilipokuja makundi ya nyuki yakaingia, mizinga ikajaa. Mihayo akaweka kigoda chake hapo, penye mwanya wa uzio, mgongo kwa nyumba yake, uso kwa mlango wa jirani. Akasema sasa nitamwona.

Nyie minyaa mnaijua. Mti wa uzio usio na majani, vijiti vya kijani tu, ukiuvunja unatoa maziwa, na maziwa yakikuingia jichoni utakiona cha moto. Hata wale mbuzi wa Kapela waliokuwa wanakula mpaka mashuka hawakuugusa. Nao unatoa maua, madogo hata huyaoni, na kiangazi kikikausha vingine vyote nyuki wanayaendea hayo. Mrina asali yeyote wa nchi hii alijua kwamba mzinga hautundikwi penye minyaa. Mihayo mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana wa hapa! Miaka thelathini anawaambia: angalia kwanza nyuki wako watakula nini, ndipo utundike. Safari hii hakuangalia hilo. Alikuwa na lingine la kuangalia.

Msituni hakwenda tena, angekwenda kufanya nini? Zile saa nne za njiani alizokuwa akizungumza na Mungu zikahamia kwenye kigoda. Alijaribu kuendelea na desturi yake, mzinga wa kwanza nyumba ya kwanza, lakini mizinga yote sasa ilikuwa mahali pamoja, na kabla hajafika wa tatu jicho limeshakwenda mlangoni, na maombi yote yanakuwa ya mtu mmoja. Si maombi mazuri. Akifungua Neno, kila alipokuta mwizi aliona ni Kapela. Alipokuta mnafiki, Kapela. Alipokuta habari za kumpenda jirani, alifunua ukurasa. Jumapili akiombwa kusali kanisani alisema, "Bwana, wafichue wenye mikono mirefu waliomo kati yetu," na kanisa zima linafumbua jicho moja kutafuta mikono mirefu iko wapi.

Mkewe Kalunde alivumilia mpaka akachoka. Asubuhi moja akamletea uji pale kigodani, akasimama.

"Baba Nyamizi, siku hizi unasali umefumbua macho."

"Nani kakwambia?"

"Nimekuona. Midomo inasema 'Baba yetu' na macho yako kwa watu."

"Mlinzi halali, mama."

"Unalinda nini? Binti yako anaolewa nyumba hiyo unayoilinda kama selo."

"Anaolewa, au haolewi," akasema Mihayo. "Siku ya kuonja asali nitamwuliza Kapela mbele ya wazee. Asiponijibu, hakuna harusi."

Kalunde akaurudisha uji ndani. Nyamizi alikuwa ndani anapepeta mchele, alisikia kila neno. Hakulia kwa sauti. Aliendelea kupepeta mpaka mchele ukawa safi kupita kiasi, na hakuna aliyemwambia aache.

Siku ya kurina ikafika. Mrina asali ana jambo lake la kwanza: sega la kwanza likitoka, unachovya kidole, unalamba, unamshukuru Mungu, ndipo unaendelea. Mihayo hakuwahi kulisahau hilo tangu ujana wake. Lakini siku hiyo, wakati sega la kwanza linatoka, Kapela naye akatokeza na ndoo mbili. Anakwenda wapi na ndoo mbili? Mihayo akakodoa macho. Akatia masega kwenye ndoo bila kuyatazama, nyuki wakamuuma shingoni na kwenye sikio, naye yuko na ndoo za Kapela, ambazo zilikuwa za maji ya mbuzi. Akamaliza mizinga yote. Hata kidole hakulamba. Akachuja asali, akajaza kibuyu, akakiziba kwa nta akakiweka.

Jumamosi ya kuonja, wazee wakakaa uani kwa Mihayo. Upande wa Kapela alikuja yeye, mwanawe Luhende, na dada yake Kapela aliyeitwa Magreti. Huyu shangazi Magreti alikuwa na ulimi, jamani! Alimwambia mwinjilisti mmoja mahubiri yake ni marefu kuliko dhambi zenyewe. Upande wa binti walikaa Mihayo, Kalunde na Nyamizi mwenyewe amejifunika kitenge. Katikati mwinjilisti Zefania, ambaye alisali kwa ufupi, maana Magreti alikuwa anamtazama.

Kibuyu kikafunguliwa. Mihayo akamimina asali kwenye bakuli. Kichwani alikuwa anapanga maneno yake: nitaanza na majivu ya kienge, kisha nta, kisha mlango. Kapela akachovya mchembe, akala, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akameza. Kisha uso ukambadilika. Akashika koo, akakohoa mara moja, mara mbili, macho yakajaa machozi. Bakuli lilikuwa linakwenda kwa Luhende. Kapela akanyoosha mkono akalifunika kwa kiganja.

"Usile, mwanangu."

Mihayo akasimama. Kigoda kikaanguka nyuma yake.

"Unaikataa asali yangu? Kapela! Unaikataa asali yangu uani kwangu?"

"Ndugu Mihayo, ngoja..."

"Singoji! Nimengoja mwaka na miezi! Uliyoiba msituni ilikuwa tamu, siyo? Hii ninayokupa kwa mkono wangu ndiyo mbaya!"

Luhende akamtazama baba yake.

"Nimeiba?" akauliza Kapela, sauti imekauka kwa ule moto kooni.

"Mizinga yangu miwili! Siku ileile nikapita kwako, nta inachemka, na uliponiona ukafunga mlango. Kwa nini ulifunga mlango? Nijibu mbele ya hawa!"

Kapela akafikiri. Alifikiri kweli, watu wakaona anatafuta. "Mlango," akasema. "Mihayo, mimi nafunga mlango kila jioni. Mbuzi wanaingia kula unga."

"Mbuzi!"

"Mbuzi, ndiyo. Na nta ilikuwa ya mizinga yangu mitatu, uliniazima sufuria wewe mwenyewe. Lakini kaa kwanza. Onja hii, halafu endelea kunitukana."

Mihayo akachovya kidole kwa hasira, akalamba. Tamu. Akataka kusema, mnaona? Akameza, na moto ukaanza kushuka taratibu. Ukaanzia nyuma ya ulimi, ukateremka kooni kama pilipili kichaa, ukakaa. Akaomba maji, akanywa, yakazidisha.

"Umenitilia kitu," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Sijakutilia kitu. Hiyo ni minyaa."

Wazee wote wakageuza shingo kuutazama uzio. Ulikuwa palepale, hatua ishirini, mrefu kuliko mtu, na juu yake nyuki wanavuma. Mihayo naye akautazama. Nawaambieni, aliutazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu kipya, ilhali amekaa mbele yake mwaka na zaidi kila asubuhi.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," Kapela akasema. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anashangaa tu. "Nilipokuona unatundika pale nikasema huyu ni bingwa, ana sababu yake. Mihayo, hukuona minyaa?"

Mihayo akakaa chini, mavumbini, maana kigoda kilikuwa kimelala.

"Sikuona minyaa," akasema. "Nilikuwa naona mlango wako."

Shangazi Magreti akainuka, akajikung'uta kanga. "Twendeni. Asali imekataa. Na mimi nimesikia yangu leo: mtazama mlango wa mwenziwe huvuna asali ya minyaa!" Akashika njia. Ndivyo ilivyosemwa mara ya kwanza, wajukuu zangu, kwa dharau, na mwanamke aliyekasirika kwa haki yake.

Luhende akainuka kumfuata, maana heshima ya nyumba yao ilikuwa imevunjwa. Nyamizi akafunua kitenge usoni akamwangalia baba yake. Mihayo alikuja kusimulia baadaye kwamba koo lake liliacha kuwaka baada ya siku mbili, ila yale macho ya mtoto yalimkaa sana.

"Kapela, usiondoke," akasema. "Mzee Zefania, niache niseme. Sijui nani aliiba asali yangu. Sikujua jana, sijui leo. Nimemhukumu mtu kwa sababu amefunga mlango wake mwenyewe. Tena si hilo tu." Hapo akaanza kulia, mzee mzima, mbele ya wakwe. "Mungu nimempoteza. Nikifumba macho kusali, simuoni yeye, wala mke wangu, wala wagonjwa. Naona mlango. Moyo wangu wote una mbao na bawaba. Mnisamehe. Binti yangu asilipe kosa langu."

Kapela alikuwa mtu wa kawaida, aliumia. Kuitwa mwizi mbele ya mwanao si jambo la kumeza kama mate.

"Nimekusamehe," akasema mwishoni, "ila koo langu bado linawaka, na moyo nao hivyo hivyo. Siku ya harusi hatuwezi kuitaja kwa asali hii. Rudisha mizinga msituni. Ikitoa asali, tuite."

Ndivyo ilivyokuwa. Nyamizi akangoja tena msimu mzima kwa kosa asilolifanya. Msifikiri dhambi ya mtu humkalia peke yake.

Mihayo akairudisha mizinga kwenye miyombo yake. Na msidhani moyo uligeuka siku ile kwa sababu alilia. Machozi ni rahisi. Ijumaa ya kwanza njia nzima aliuona mlango. Akafika mti wa kwanza, akavua kofia, akaiombea nyumba ya kwanza kwa majina. Kwenye mti wa tatu alisahau mtoto mmoja, ikabidi arudie. Mti wa sita akasimama, mdomo ukagoma. Alisimama mpaka miguu ikamuuma, akavaa kofia, akaenda wa saba. Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Kalunde akimwuliza, "Leo je?" anajibu, "Leo bado." Naye Kalunde alijibu, "Si unakwenda? Nenda tu."

Ilikuwa Ijumaa ya tisa au ya kumi. Chini ya mti wa sita Mihayo alitafuta jambo moja tu jema la kumwombea Kapela analoweza kulisema bila kudanganya. Akalipata. Akasema, "Mungu, wabariki mbuzi wa Kapela, wasiingie kwenye unga." Akajisikia mjinga, akacheka peke yake msituni, na alipocheka kitu kikalegea kifuani. Akamtaja Kapela. Akamtaja Luhende. Akamtaja na Magreti, ingawa kwa Magreti alipumua kwanza. Akaenda mti wa saba, na alikuwa amefika wa tisa ndipo akagundua kwamba tangu asubuhi hajauona mlango hata mara moja.

Kiangazi kilipoisha na miyombo kuchanua, asali ikaja. Alilamba kidole sega la kwanza, akakaa chini akamshukuru Mungu mpaka nyuki wakamkera. Nyumba mbili zikaonja. Magreti alikula michembe sita, akasema bado hajahakikisha, akala wa saba. Siku ikatajwa. Nyamizi akaolewa na Luhende, na walikaa nyumba ileile yenye mlango uleule, ambao Mihayo aliupitia miaka mingi kwenda kula kwa binti yake.

Maneno ya Magreti yangekufa na hasira yake. Aliyeyafanya methali ni Mihayo mwenyewe. Kila alipopewa nafasi ya kusema kanisani aliyatamka, akieleza kwamba ni yeye huyo, si mtu mwingine. Aliwaambia watu: moyo hauna macho yake, unakula unacholetewa na haya mawili usoni. Upeleke kwa Mungu kila siku, hata ukiwa huna hamu. Ukiupeleka mlangoni kwa watu, utakaa huko huko.

Naam, nakuona wewe unanyoosha mkono tangu zamani. Sema.

Unataka kujua nani aliiba ile mizinga miwili.

Haya basi, tazameni! Nimewaeleza mtu alivyompoteza Mungu wake akampata tena, mtoto alivyokaribia kukosa mume, na wewe umekaa hapo saa nzima ukimtafuta mwizi. Sijui nani aliiba. Mihayo alikufa hajui, na alikufa akiwa mtu mwenye furaha. Inukeni sasa mwimbe ule wimbo mpaka ubeti wa mwisho, na wa ng'ambo ya mto wavae kola zao. Mtazama mlango wa mwenziwe huvuna asali ya minyaa.